Mchi Mlangoni

"Mbuzi akialikwa harusini, aulize kwanza kitoweo ni nani."

Mzee Maganga ndiye aliyesema hivyo, asubuhi lori lilipokuja Ilalwe kuwachukua watu kwenda kutembezwa mlimani. Watu walicheka wakashika mbavu. Walicheka, kisha wakaanza kupanda lori mmoja mmoja, akina mama wakishikilia kanga zisipeperuke, na Mzee Maganga mwenyewe akawa wa kwanza kuchagua mahali pa kukaa.

Wala si kwamba walikuwa wajinga. Ilalwe, upande huu wa Ushirombo, ilikuwa nchi ya watu wenye akili zao, nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya shamba la pamba, kila mtu na ua wake wa minyaa, kila mtu na makaburi yake. Lakini mwaka ule wa sabini na nne amri ilikuwa imepita: watu watoke mashambani, wakakae pamoja barabarani, kwenye kijiji kilichopimwa kwa kamba, nyumba zimepangwa kama mahindi. Watu wa Ilalwe waliposomewa amri hiyo waliitikia vizuri, ndiyo, tumesikia, na wakapiga makofi. Kisha wakabaki pale pale. Wakapewa siku ya mwisho, ikapita. Wakapewa nyingine, nayo ikapita. Mtu akikuinulia fimbo mara mbili asikupige, ya tatu unadhani anajikuna mgongo.

Ya tatu Katibu wa chama, aliyeisoma amri, alikuja bila fimbo. Alikuja na tabasamu na habari ya Mlima Ngelela.

Mlima huo kila mtu wa Ilalwe aliuona tangu kuzaliwa, umekaa upande wa machweo, wa buluu, na wingu kichwani kama mwanamke aliyejitwika mtungi. Kuukanyaga ndiko kulikokuwa na shida. Tangu ulipotangazwa kuwa hifadhi, mtu akikutwa huko na mzinga wa nyuki alilala ndani. Sasa Katibu akawaambia, "Wazungu wanapanda ndege kutoka kwao kuja kutembea mlima huu, wasimame juu ya miamba yake waitazame nchi. Nyinyi wenye nchi hamjaiona hata siku moja. Safari hii ni zawadi yenu. Lori ni bure, bwana nyama anayelinda hifadhi atawaongoza, na ng'ombe atachinjwa huko huko."

Ng'ombe! Basi hapo maneno yakaisha.

Paskalina alichelewa kutoka kwa sababu ya mama mkwe wake. Mumewe Mabula alikuwa mbali na mifugo, kwenye malisho ya kiangazi, amekwenda na mtoto wao Nkwabi, kwa hiyo nyumbani walibaki wanawake wawili na ndama mmoja mgonjwa, aliyefungwa ndani ya msonge nyuma ya kitanda cha bibi ili asiliwe na fisi. Bibi Holo alikuwa mzee wa kuzeeka kweli. Macho yake yalibagua mwanga na giza tu. Lakini ulimi haukuzeeka hata kidogo, na vitendawili alikuwa navyo kama mwingine alivyo na mbegu za maboga: kila akipekua kibindo anatoa kingine.

"Mama, ukuta wa nyuma unaachia udongo tena," Paskalina alisema, akimwekea ndama majani. Mchwa walikuwa wamekula miti ya ukuta upande ule; ukiigusa, unamwagika unga mtupu. "Nilimwambia Baba Nkwabi aukandike kabla hajaondoka."

"Baba Nkwabi hukandika kwa mdomo. Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo, Mungu amrehemu. Mkamwana!"

"Abee, mama."

"Kitendawili."

Nje lori lilipiga honi. "Tega, mama. Ila upesi."

"Mama bado yumo jikoni anajifungua, mtoto amekwisha kupanda juu ya paa anaitazama dunia."

Paskalina alikuwa akifunga michembe kwenye kitambaa, viazi vikavu vya kutafuna njiani. Hakufikiri hata kidogo. "Nimeshindwa."

"Umeshindwa wapi, na hujajaribu! Siku hizi watu wanashindwa kama wanavyopiga chafya. Haya, nipe mji."

"Nakupa Geita."

"Geita siutaki. Watu wake wanachimba dhahabu hata chini ya vitanda vyao. Nitatumbukia."

"Nakupa Kahama, mama."

"Kahama nina mawifi wabaya."

Honi ikalia tena, ndefu. "Basi chukua hii hii Ilalwe!"

Bibi Holo akapiga paja. "Sasa umetoa mji! Ilalwe nimeichukua, ni yangu, na mashamba yake, na makaburi yake, na nyinyi wote ni wapangaji wangu. Jibu nitakupa jioni ukirudi. Mtu mwenye haraka hapewi jibu, atalimwaga njiani."

Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, penye mwanga.

"Na usinifunge kama juzi, mkamwana. Mimi si kuku."

"Sikufungi, mama."

Habari ya kufungwa ilikuwa na mwanzo wake. Wakati wa mavuno bibi alitoka peke yake kukifuata kisima cha ujana wake, kisima kilichokauka zamani, wakamkuta jioni ameketi korongoni, na nyayo za fisi zimemzunguka mchangani. Paskalina hakulala vizuri tangu hapo. Na juzi hiyo, alipokwenda mnadani, aliufunga mlango kwa nje kwa kamba ya katani. Aliporudi alimkuta bibi amekauka sauti kwa kupiga kelele, kucha zina udongo.

Basi akamnywesha uji, akangoja. Bibi akasinzia, kidevu kifuani. Paskalina akatoka kwa ncha za vidole, akauvuta mlango, akaukaza kamba, fundo juu ya fundo. Moyo ulimwambia rudi ukafungue, lori nalo likapiga honi. Akachukua mchi wa kinu akaulaza mlangoni, umekingama.

Mchi huo ni neno, hata kama hauna mdomo. Ukikingama mlangoni unasema: wenyewe hatupo. Mpita njia hapigi hodi, mwombaji anapita zake, na mwizi mwenye malezi japo kidogo huona haya. Siku ile kila nyumba ya Ilalwe ilikuwa na mchi mlangoni, na yote ilisema kweli, isipokuwa mmoja.

Katibu alikuwa amesimama nyuma ya lori, mikono mgongoni.

"Wote mmetoka? Hakuna aliyebaki ndani? Mgonjwa? Mzee?"

Paskalina alifungua kinywa. Lakini lori zima lilikuwa linamtazama yeye aliyewachelewesha, na aseme nini? Kwamba amemfunga mama mkwe kwa kamba kama mbuzi wa mnada, ili yeye akale nyama mlimani? Jirani yake Zipora, mjane ambaye mdomo wake haukujua foleni, akamtangulia.

"Katibu, tumetoka mpaka na chawa wetu! Huioni michi milangoni?"

Watu wakacheka. Katibu hakucheka. Aliitazama milango, huu wa karibu na ile ya kule ng'ambo ya pamba, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikitafuta.

"Naiona," akasema.

Lori lilizunguka mlima kwa barabara ndefu, vumbi tupu, mpaka kwenye lango la hifadhi. Hapo wakapokewa na bwana nyama, kijana mrefu aitwaye Leodgar, kaptura ya kaki, bunduki begani, darubini kifuani. Aliwaamkia wazee shikamoo kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa chini. Katibu akamvuta pembeni wakanong'ona. Kisha Katibu akapanda mbele kwa dereva, na lori likageuka likarudi lilikotoka.

"Lori linarudi kubeba nini?" Mzee Maganga akauliza.

"Ng'ombe wetu," Zipora akasema.

"Ng'ombe wa kuchinjwa huku, afuatwe kule?"

"Mzee Maganga, wewe hata mbinguni utamuuliza Petro ule ufunguo ameupata wapi."

Wakapanda. Na kusema kweli mlima ulikuwa mzuri, hilo tusiunyime. Chini ilikuwa miyombo mikavu na majani yanayovunjika chini ya miguu. Kisha hewa ikapoa, njia ikaingia kwenye msitu wa miti yenye ndevu, na maji yakasikika chini ya mawe, yanatiririka kiangazi chote, huku Ilalwe watu wakichimba mchanga kupata kata moja. "Kumbe maji yako huku," mama mmoja akasema kwa sauti ndogo, kama aliyemfumania mumewe nyumba nyingine. Mbega waliwatazama kutoka juu, weusi kwa weupe, kimya kama masista kanisani. Mzee Maganga alikuwa akigusa mti huu na ule. Alikuwa na mizinga yake huko zamani, kabla ya hifadhi.

Mlima ulikuwa na miamba mitatu ya kutazamia. Kwenye wa kwanza waliona mabwawa ya magharibi yanavyometameta hadi macho yanachoka. Kwenye wa pili Leodgar aliwapa darubini, wakaona kaskazini mstari mwembamba ambao yeye alisema ni ziwa, na kila aliyetazama akasema "Eeeh!" hata wale ambao hawakuona kitu. Alieleza vizuri, lakini katikati ya maelezo alitazama saa, akatoka kwenye saa akatazama jua, kisha akasema, "Tusiharakishe, mama zangu. Kaeni. Pumzikeni."

"Tumepumzika mpaka tumechoka," Zipora akasema. "Mwamba wa tatu je, ule wa mashariki? Nataka niione nyumba yangu kutoka juu kama kunguru."

"Wa mashariki leo umefungwa, mama."

"Na nani?"

"Kuna chui."

"Chui gani huyo wa kufunga mwamba? Ana ofisi?"

Watu wakacheka. Leodgar hakucheka, wala hakukasirika. Alijifuta jasho, na huko juu hakukuwa na joto. Hapo ndipo Paskalina alipomkumbuka Katibu nyuma ya lori. Ilikuwa mara ya pili siku ile watu wanacheka na mwenye kuchekwa hacheki.

Ng'ombe hakuonekana. Moshi wa kupikia haukuonekana. Watu wakaanza kutafuna michembe yao.

Ndipo mwewe wakapita. Walitokea upande wa mabwawa, mmoja, kisha watatu, kisha kundi, chini chini juu ya vichwa vya watu, wote wakielekea mashariki, na hakuna aliyelia. Mzee Maganga akawafuata kwa macho, kiganja juu ya paji la uso.

"Mwewe hufuata moto," akasema. "Nyasi zikiungua panzi huruka, nao wakala."

"Ni msimu wa kuchoma nyasi, mzee," Leodgar akasema haraka.

"Ndiyo. Ni msimu." Lakini mzee hakushusha mkono.

Paskalina akavuta kanga ya Zipora. "Nisindikize nikachimbe dawa."

Wakazunguka kichaka kama wanawake wenye haja, na huko nyuma hawakuchimba dawa yoyote. Njia ya mashariki ilikuwapo, safi, imefyekwa. Haikuwa na chui. Ilikuwa imezibwa kwa tawi moja tu lililolazwa chini, limekingama kama mchi. Zipora akaliruka akicheka. Paskalina aliliruka hakucheka.

Mwamba ulitoka nje ya msitu kama ulimi. Chini yake nchi yote ilikuwa imetandikwa jamvi: pamba, makorongo, vichuguu, barabara nyekundu iliyolizunguka bonde, na Ilalwe yenyewe, karibu kuliko walivyodhani, maana lori lilikuwa limezunguka na jicho haliendi kwa kuzunguka. Nyumba zilikuwa ndogo kama uyoga. Juu ya mmoja wa uyoga huo ulisimama uzi wa moshi.

"Nani anapika saa hizi?" Zipora akasema. "Si sote tuko huku?"

Uzi ule ukanenepa. Ukapanda, ukakaa juu ya paa la Mzee Maganga, ukageuka huku na huku kama mtoto anayetafuta wenzake. Na jibu la asubuhi likamjia Paskalina lenyewe, hakuliita. Mama yumo jikoni anajifungua, mtoto yuko juu ya paa. Moto na moshi. Jambo analoliona kila siku ya Mungu, na alisema ameshindwa.

Uzi wa pili ukasimama kwenye nyumba ya jirani. Kisha wa tatu. Haukuwa moto wa nyasi; moto wa nyasi hukimbia ovyo kama mlevi. Huu ulikwenda nyumba kwa nyumba, kwa utaratibu, kama mtu anayefagia ua kuanzia kona moja. Ulikuwa umeanzia barabarani, unakuja kuelekea korongoni. Na nyumba ya mwisho, ile ya korongoni, yenye minyaa pande tatu, ilikuwa ya Mabula.

"Kwangu!" Zipora akapiga yowe. "Paskalina, wanachoma kwangu! Godoro langu!"

"Nimemfunga," Paskalina akasema.

"Nani?"

"Mama. Nimemfunga ndani kwa kamba. Nikaweka na mchi."

Zipora akalisahau godoro, akamshika mkono.

Yowe lilikuwa limewaleta wengine. Walikuja mbio, wakasimama nyuma yao wakiangalia mji wao unavyopanda mbinguni. Leodgar akafika wa mwisho. Akavua kofia.

"Niliambiwa niwakalishe hapa mpaka jua lizame," akasema. "Sikuambiwa zaidi. Walisema mtapelekwa moja kwa moja kwenye nyumba mpya, na vyombo vyenu mtavikuta huko. Walisema nyumba zitakuwa tupu."

"Yangu si tupu." Paskalina alimshika shati. "Kuna mtu ndani, mwanangu. Mzee. Haoni. Mlango umefungwa kwa nje."

Kijana akainua darubini. Akaiegemeza kwenye jiwe. "Ya mwisho bado," akasema. "Bado haijashika. Lakini kwa barabara hatufiki leo."

"Barabara ya nini?" Mzee Maganga alikuwa amekwisha kuvua viatu. "Kuna njia yetu ya asali hapa chini, ile mliyotukataza. Bwana nyama, shika bunduki yako vizuri, usije ukatulipua matako. Tufuateni."

Njia ya asali haikufaa hata mbuzi. Waliteremka wameshika mizizi, wengine wakibaki nyuma, mawe yakiwatangulia. Paskalina alianguka, akaamka, akaanguka tena. Kanga ilibaki mtini, hakuigeukia. Ndani ya msitu hakuona moshi wala jua. Huo ndio ulikuwa ubaya wake: alikwenda bila kuona, kama bibi, na kila hatua aliihesabu kuwa ndiyo ile paa linaposhika. Alijaribu kusali, badala ya Salamu Maria kikaja kitendawili. Mtoto yuko juu ya paa. Mtoto yuko juu ya paa.

Walipotoka kwenye miyombo, harufu ilikuwa imewafikia. Si harufu ya nyasi. Ni ya nafaka: mtama unaungua ghalani, harufu tamu kama ya karamu. Mwewe walikuwa wakizunguka juu, wakishuka, wakipanda.

Barabarani lori lilikuwa limesimama na vijana wenye kofia za mgambo, wa kutoka mbali, nyuso zimejaa masizi. Katibu hakuwapo tena. Leodgar akapita katikati yao akipaza sauti, sare yake ikawafanya wanyooke, lakini Paskalina hakungoja anyooshe mtu yeyote. Alikimbia kando ya shamba la pamba, akapita minyaa.

Paa la msonge lilikuwa limekwisha kuanguka ndani. Kuta zilisimama, nyeusi, zikitoa moshi kama chungu. Mlango ulikuwa makaa yaliyosimama wima, bado umefungwa. Mbele yake, mchi ulilala pale pale alipoulaza, nusu umeungua, nusu mzima.

Kijana mmoja wa mgambo alikuwa ameketi karibu, mwenge umezimika miguuni. Alipomwona akasimama.

"Shikamoo, mama."

Paskalina akampita, akaenda mlangoni.

"Hatukuingia, mama," kijana akasema, kama anayetaka asifiwe. "Tuliambiwa tutoe vyombo, lakini tulikuta michi. Hata kwetu mchi ni mchi. Mtu huvuki. Katibu akasema basi, kama wameweka michi wameaga wenyewe, washeni tu. Tuliheshimu, mama. Hapa ndani palikuwa na kitu kinalia, tukajua ni ndama."

Paskalina akakaa chini kwenye majivu. Alikuwa akiutazama mchi.

Ni Leodgar aliyezunguka nyuma. Wakasikia anaita, mara moja, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anaita habari njema au mbaya. Ukuta wa nyuma, ule wa mchwa, ulikuwa umepasuka. Tundu kubwa, la kupita ndama mwenye wazimu, na miti yake iliyolika imesukumwa nje. Kutoka hapo kwato zilikimbia kwenye majivu hadi mchangani, na pembeni ya kwato kulikuwa na mfereji mpana, wa kitu kilichoburutwa.

Waliufuata mfereji ule hadi korongoni. Bibi Holo alikuwa ameketi kwenye mchanga, pale pale walipomkuta wakati wa fisi. Nywele zilikuwa zimeungua upande mmoja, magoti yamechunika, uso mzima ni wa majivu kama mtu aliyefukuliwa. Ndama alisimama kando yake, ngozi ya mgongo imebabuka, akitetemeka. Mkono wa bibi ulikuwa umeshika mkia wake, na vidole havikuachia.

"Mama!" Paskalina akapiga magoti. "Mama, ni mimi."

Bibi aligeuza uso. Macho yake meupe yakamtafuta, yakapita, yakarudi yakatua juu yake.

"Mkamwana," akasema. Sauti haikubaki, ilikuwa mkwaruzo tu.

"Abee, mama."

"Kitendawili."

Watu walikuwa wamewazunguka juu ya ukingo: Zipora, Mzee Maganga, bwana nyama na kofia yake mkononi, yule kijana wa mgambo.

"Tega, mama."

"Nyumba yangu ina mlango mmoja. Nikausukuma, ukanisukuma. Nikaita, ukanyamaza. Upande wa pili alikuwapo nani?"

Upepo ulileta harufu ya mtama. Paskalina alitaka kusema fisi, kusema korongo hili hili, kusema nilikuogopea, mama. Maneno yalikuja mengi, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

Akafungua kinywa. Nyuma yake Ilalwe ilikuwa ikitoa moshi, nyumba hii hadi ile.

"Mji gani, mama?"

"Sijui. Huu ulishanipa asubuhi." Akamwachia ndama mkia, akapapasa mchanga akitafuta pa kujisukuma ili ainuke, na Paskalina alipomshika kiwiko, bibi alikitoa kiwiko chake polepole, bila hasira, akampa Zipora aliyekuwa ameteremka kando yao.

Walipelekwa kijiji kipya kwa lori lile lile. Bibi aliomba kitu kimoja tu kichukuliwe kutoka Ilalwe, na kwa kuwa hakuna kingine kilichobaki, hakuna aliyemzuia. Aliomba mchi. Kule, kwenye nyumba ya nyasi mbichi katika mstari, alilala nao ubavuni, ile ncha iliyoungua ikielekea mlangoni. Watoto wa mstari mzima walimjia jioni, naye aliwategea vitendawili mpaka wakasinzia, akila miji yao yote, Tabora, Mwanza, hata Geita sasa aliipokea. Paskalina alikuwa akisonga ugali hatua chache kutoka pale, akisikiliza. Yeye hakutegewa tena.

Mvua za kwanza zilimrudisha Mabula na Nkwabi na ng'ombe. Alikuwa amekwisha kupita Ilalwe, amekwisha kuyaona magofu, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimwamkia mama yake, akakaa chini mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, walisema nyumba zote ziliungua zimefungwa. Wewe ulitokaje?"

"Ndama alinitoa. Na ule ukuta wako usioukandika. Mungu akubariki kwa uvivu wako."

Mabula akacheka na machozi yakamtoka. Kisha akaacha kucheka.

"Na mlango? Mlango ulifungwa na nani, mama?"

Mwiko ukasimama kwenye chungu. Bibi Holo akaugeuza uso wake usioona, akaupeleka pale pale mwiko uliponyamazia, akatabasamu.

"Hicho nimemtegea mkeo," akasema. "Mwache. Bado anafikiri."